Majuto ni Mjukuu: Jioni Moja Ololosokwan

Ndugu msomaji, yako majina ambayo mtu akiyatamka mbele ya watu, kabla hajaongeza neno lolote, nyuso huanza kukunjuka kwa tabasamu. Jina la King Majuto ni moja ya majina hayo. Ajabu ni kwamba neno lenyewe halina kicheko ndani yake. Majuto ni uchungu wa mtu aliyechelewa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, mwisho huja kinyume. Yaani hayatangulii, bali hufuata nyuma wakati jambo limekwisha haribika. Mzee wetu wa Tanga, Amri Athumani, alilitwaa neno hilo zito akalivaa kama mtu avaavyo kanzu iliyomzidi kimo, na kwa miaka mingi akatuvunja mbavu nalo.

Leo nakuomba tufuatane hadi mahali ambapo huenda hukutazamia kulisikia jina lake. Mahali penyewe ni Ololosokwan, kijiji cha wafugaji wa Kimaasai katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha. Upande wa magharibi kijiji hiki kimepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na kaskazini upo mpaka wa Kenya. Nilikwenda huko kumtembelea binamu yangu ambaye ni mwalimu. Nilikwenda kama mgeni wa mapumziko, nikarudi na swali moja ambalo hadi leo halijanitoka.

Kabla ya kuondoka Arusha nilifanya jambo ambalo wengi wetu hulifanya. Nilitafuta zawadi. Mwalimu alikuwa amenituma majani ya chai, sabuni na "kitu cha kuchangamsha jioni." Pale stendi alipita kijana amebeba sidii kifuani kama mtu aliyebeba matofali. Nikachagua tatu zenye sura ya King Majuto kwenye karatasi yake. Bei yake ilikuwa sawa na chai na chapati mbili. Karatasi ilikuwa imefifia, na maandishi yake yamekaa upande, lakini sikujali. Nilizitia mfukoni nikajiona mtu mwerevu.

Mwalimu alinipokea Karatu, alikokuwa na shughuli zake. Kutoka Arusha lami hukupitisha Makuyuni na Mto wa Mbu, kisha ikaupanda ukuta wa Bonde la Ufa, na ukiwa huko juu ziwa Manyara huonekana chini kama sahani ya bati iliyoanikwa juani. Karatu yenyewe ni mji wa mashamba ya ngano, mahindi na vitunguu, na wenyeji wake wengi ni Wairaqw. Mbele ya Karatu ndipo lipo lango la Loduare, mlango wa eneo la Ngorongoro.

"Kaka," mwalimu akaniambia, "haifai upite mlangoni pa mtu bila kubisha hodi. Twende kwanza ukaone Ngorongoro, ndipo twende kwetu."

Basi tulizunguka ukingo wa kreta katika ukungu, tukateremka upande wa pili kwenye nyanda za majani mafupi, tukasimama katika mojawapo ya maboma yaliyojengwa kwa ajili ya kupokea wageni. Wewe unayekaa mjini huenda umeona picha zake. Wageni hushuka garini, hulipa kiingilio, huimbiwa, huruka pamoja na morani, huingia ndani ya nyumba ya udongo na samadi, kisha hununua shanga. Boma hilo ni kama jumba la makumbusho lisilo na vioo. Vitu vilivyowekwa vitazamwe ni watu wenyewe, na watu hao wanakutazama pia.

Katikati ya waimbaji alikuwapo mtu mmoja wa makamo. Hakuwa hodari wa kuruka. Kazi yake ilikuwa nyingine kabisa. Alisimama nyuma ya wageni, akaiinua fimbo yake hadi jichoni kama kamera, akatembea kwa kunyata, tumbo mbele, shingo imepinda, sawasawa na yule bwana aliyekuwa mbele yake. Wenzake walicheka hadi wimbo ukakatika. Yule bwana akageuka, akaiona sura yake mwenyewe katika mwili wa mtu mwingine, naye akacheka kupita wote. Magari yalipoondoka, mchekeshaji akaketi chini ya mgunga, na uso wake ukawa kama uso wa mtu yeyote aliyemaliza zamu kiwandani. Nilimwuliza mwalimu kama mtu huyo hulipwa zaidi kwa kipaji chake. Akanijibu kuwa fedha ni za boma zima, nazo hugawanywa. Kuchekesha hakuna fungu lake.

Sikulipa neno hilo uzito wakati ule. Nilikuwa na haraka ya kufika Olduvai.

Bonde la Olduvai, ambalo wenyeji huliita Oldupai kwa jina la katani pori iliyojaa huko, nadhani hulihitaji kuelezwa sana. Hapo ndipo tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey alipoliona fuvu la Zinjanthropus, la kale kiasi cha miaka milioni moja na robo tatu. Katika makumbusho ya hapo umewekwa pia mfano wa nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa mwaka 1978 kusini ya bonde hilo. Viumbe waliotutangulia walikanyaga majivu mabichi ya volkano. Majivu yakaganda, na nyayo zao zimedumu kwa zaidi ya miaka milioni tatu na nusu. Nilisimama mbele ya nyayo zile kwa muda mrefu. Nikawaza: unyayo umepata majivu ya kuuhifadhi, kicheko kimepata nini? Yule mtu mwenye fimbo amewachekesha watu ishirini asubuhi hii, na kabla ya adhuhuri kicheko chake kimekwisha, hakikuacha hata alama moja ardhini.

Kesho yake tulirudi Mto wa Mbu, tukashika njia ya kaskazini inayofuata chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Ni njia ya vumbi na mawe, lakini humlipa msafiri. Utapita Engaruka, penye magofu ya mifereji na matuta ya wakulima wa kale. Utauona mlima Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu, ambao bado ni volkano hai, na mbele yake ziwa Natron lenye magadi na heroe. Kisha gari hupanda ukuta kwa mizunguko inayomfanya abiria azikumbuke dhambi zake, na juu yake ipo nchi ya Wasonjo, mafundi wa kumwagilia mashamba tangu enzi za mababu. Kati ya Sale na Wasso siku hizi ipo lami, na ukiikanyaga baada ya mawe yote yale utadhani gari limezimwa. Kutoka Wasso tulipita Soitsambu, na jua lilipoanza kuinama tukaingia Ololosokwan.

Hali ya hewa huko ni ya baridi. Vilima vina miti, mabonde yana majani, na jioni hujaa sauti za kengele za ng'ombe wanaorudi nyumbani. Watoto walikuja wameinamisha vichwa ili tuwaguse utosini, kama ilivyo adabu yao kwa wakubwa. Akina mama tuliwasalimu "takwenya," wakaitikia "iko." Nyumba zao ni zilezile nilizoziona katika boma la wageni, za fito, udongo na samadi, zilizojengwa na wanawake wenyewe. Tofauti ni kwamba hapa hakuna anayekuonyesha. Moshi unatoka kwa sababu maziwa yanachemshwa, wala si kwa sababu mgeni anataka picha.

Lakini usije ukadhani kuwa ni mahali palipolala. Ololosokwan ina redio yake ya jamii, Loliondo FM, iliyopata msaada wa UNESCO, na watu husikiliza habari za mifugo, afya na masoko. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kijiji kilifunga mkataba na kampuni ya utalii iliyotumia sehemu ya ardhi yake, nayo mapato yakaingia katika mfuko wa kijiji. Wananchi wa hapa wanajua, pengine kuliko sisi wa mjini, kwamba kutazamwa ni kazi, na kazi ina ujira. Wanajua pia machungu yake. Juni 2022, Serikali ilipoweka alama za mpaka kwenye eneo la kilomita za mraba 1,500 katika Loliondo, eneo ambalo wafugaji walikuwa wakilishia, vurugu zilitokea. Askari polisi mmoja aliuawa, wananchi wakajeruhiwa, na kesi zikafuata mahakamani. Ukiwa huko, mazungumzo yoyote marefu hatimaye huifikia ardhi. Nakutajia haya, ndugu msomaji, ili ujue kuwa watu nilioketi nao jioni ile kucheka hawakuwa watu wasio na mzigo.

Jioni ile mwalimu alitoa televisheni yake ndogo inayotumia umeme wa jua, akaiweka juu ya sanduku mlangoni. Habari ilikwisha tangulia kijijini kwamba mgeni ameleta "yule mzee." Walikuja majirani, wakaja vijana waliokwisha funga ng'ombe, wakaja watoto wasiohesabika. Wa mwisho kufika alikuwa bibi kizee mmoja, koko wa boma la jirani, ameshika mkongojo, masikio yake yamepambwa kwa shanga. Alipewa kigoda cha mbele.

Mchezo ulikuwa wa aina unayoijua. Mzee mwenye tamaa kubwa na akili fupi ametunga uongo. Uongo umezaa uongo mwingine. Sasa wote wamerudi nyumbani kwa pamoja, na mzee hana pa kujificha. King Majuto hakuhitaji mapambo. Alikuwa na macho yanayotangulia kukiri kosa huku mdomo ukiendelea kukana. Alikuwa na sauti ya Tanga inayopanda pale mtu anapobanwa, na mwili mwembamba uliojua kukimbia bila kuondoka mahali pake. Alitucheka sisi wanaume wazee, wachoyo, waongo na wenye kujisifu, nasi tulidhani anamcheka jirani.

Kijana mmoja aliyeketi karibu na koko alianza kumtafsiria kwa Kimaa. Bibi akampiga kofi dogo begani anyamaze. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache ya sokoni, lakini uso wa Majuto aliusoma wote. Alikuwa akicheka kabla yetu. Mzee kwenye televisheni alipoanza tu kupepesa macho, koko alikwisha jua kuwa uongo unakuja, akacheka, akajifuta machozi kwa pembe ya shuka.

Mchezo ulipokwisha, aliuliza jambo kwa Kimaa. Mwalimu akanitafsiria: "Anauliza, mzee huyu anakaa wapi? Anataka tumpelekee salamu."

Tukamwambia kuwa mzee huyo amefariki dunia. Alifariki tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, akiwa na umri wa miaka 70, baada ya kuugua kwa muda mrefu na kupelekwa hata India kutibiwa. Akazikwa kwao Tanga. Koko alinyamaza. Watoto nao wakanyamaza kwa kumwona yeye amenyamaza. Kisha akauliza swali la pili, na hili ndilo nililorudi nalo Dar es Salaam.

Aliuliza: "Aliacha ng'ombe wangapi?"

Ndugu msomaji, kwa mfugaji swali hilo si la udadisi. Ni swali la haki. Mtu aliyewafanyia watu wema kiasi kile, akafanya kazi hadi uzeeni, lazima watu wamempa kitu, na kitu hicho lazima kionekane katika zizi lake. Mwalimu alinitazama mimi, mtu wa mjini. Nami nilitazama ile sidii ya bei ya chai na chapati mbili.

Ningemjibu nini? Ningemwambia kuwa Amri Athumani alipanda jukwaani tangu utotoni, mwaka 1958, nchi yetu haijapata uhuru? Kwamba alianza wakati ambapo mchekeshaji alijulikana kwa jasho lake, mji hadi mji, ukumbi hadi ukumbi, kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994? Wazazi wetu waliwajua wachekeshaji kwa masikio tu. Jioni walizunguka redio kuwasikiliza Pwagu na Pwaguzi, yaani Rajabu Hatia na Ali Keto, waliotufundisha katika Redio Tanzania kuwa mjanja naye hupata mjanja wake. Baadaye vikundi vya utamaduni vilipochanganya ngoma, sarakasi, kwaya na maigizo katika onyesho moja, vichekesho vikawa ndivyo vinavyowazuia watu wasiondoke mapema. Humo tuliwapata akina Mzee Small, Said Ngamba, aliyetutoka Juni 2014. Kisha zikaja kanda za video, zikaja sidii, na sura ya Majuto ikaingia katika nyumba ambazo yeye mwenyewe hakupata kuzikanyaga, hata hii ya Ololosokwan.

Sura iliingia. Je, ujira wake ulirudi? Mwaka huohuo wa 2018, mzee akiwa mgonjwa, jambo hili lilizungumzwa hadharani. Waziri aliyehusika na sanaa wakati huo, Dakta Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na mikataba ya King Majuto ilikuwa miongoni mwa iliyotazamwa. Taifa zima lilianza kuuliza swali la koko, lakini lilianza kuliuliza mzee akiwa kitandani. Majuto ni mjukuu.

Ni rahisi kuwalaumu wenye mikataba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999, na chombo cha kuisimamia, COSOTA, kipo. Lakini ile sidii ya mfukoni mwangu haikuuzwa na mwenye mkataba. Ilinakiliwa chumbani na mtu asiyejulikana, ikauzwa na kijana asiye na kosa kubwa zaidi ya njaa, ikanunuliwa na mimi, mtu mzima, mwenye mshahara, nijiitaye mpenzi wa sanaa. Katika mnyororo wote huo hapakuwa na hata senti moja iliyokwenda Tanga. Nilimpenda King Majuto kwa moyo wangu wote, nikamwibia kwa mkono wangu wa kulia.

Sikumjibu koko. Mwalimu akasema kwa niaba yangu kuwa mzee aliacha watu wengi wanaomkumbuka. Bibi akatikisa kichwa. Alisema, kwa tafsiri ya mwalimu, kuwa watu wanaokumbuka ni wema, lakini hawakamuliwi maziwa.

Niliporudi Dar es Salaam, Jumapili moja niliwachukua watoto hadi Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo. Kijiji hicho kilianzishwa katika miaka ya 1960 ili nyumba za jadi za makabila yetu zisipotee, na hadi leo utaziona: msonge wa Wahaya, tembe ya Wagogo, nyumba ya Wazaramo na nyinginezo. Nyumba za nyasi na udongo hazidumu zenyewe. Mvua huzila, mchwa huzila, na hudumu kwa sababu tu mtu huja kuziezeka upya. Nilipokuwa nimesimama kivulini, niliikumbuka ile hoja niliyoiacha Olduvai. Kicheko hakina majivu ya kukihifadhi. Nacho ni kama paa la nyasi: kisipoezekwa upya na walio hai, kitavuja, kisha kitaanguka.

Ngoma zilipoanza, alitokea mchezaji mmoja aliyeacha mstari, akajifanya amepotea njia, akaigiza mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake kati ya nyumba zote zile za makumbusho. Watoto wangu walicheka hadi wakakaa chini. Mdogo akaniuliza kama anaweza kumpa kitu. Nikampa noti, akakimbia nayo, akambandika mchezaji kwenye paji la uso lenye jasho, kama wafanyavyo watu wa pwani tangu zamani. Mchezaji akapepesa macho, akajifanya noti imemlemea, akaanguka nayo chini. Kicheko kikaanza upya.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Hawakusema hukumbukwa, wala hawakusema huombolezwa. Walisema hutuzwa, na kutuza hufanywa ngoma ikiwa bado inalia. Ukienda Ngorongoro na jamaa zako, ukakuta boma la wageni, muulizie yule anayechekesha, umpe chake mkononi. Ukipenda mchezo wa msanii, nunua nakala iliyo halali, hata ikikugharimu chai ya siku tatu. Na wachekeshaji wazee wa mtaani kwako, wale walioimba na kuigiza katika vikundi vya zamani, wabishie hodi wakiwa hai, na watoto wako wawasikilize.

Nimemwandikia mwalimu barua. Nimemwahidi kuwa safari ijayo nitaleta sidii za halali, nami mwenyewe nitamwambia koko yale niliyoshindwa kumwambia. Sijui kama atanisamehe, lakini najua atakaloniuliza kwanza, kabla hata sijaketi. Ataniuliza kama huyu wa sasa, anayetuchekesha leo, angali hai. Na nikisema ndiyo, ataniuliza ana ng'ombe wangapi.